Kidole Gumba Juu ya Ugali

Dada yangu akirudi kutoka kazini alikuwa anavua viatu mlangoni, anaviegemeza ukutani, halafu ananyoosha vidole vyake mbele ya uso wangu na kusema, "Hesabu, mdogo wangu, uone kama vyote vimerudi." Nami nilivihesabu kweli, kimoja kimoja, nikivikanda kwa mafuta ya nazi, huku yeye amefumba macho na kuegemea fremu ya mlango. Hatukuulizana habari za kutwa. Vidole vilisema vyenyewe. Vikiwa laini, siku ilikuwa ya kawaida. Vikiwa na wino wa stensili hadi kwenye kucha, tena vinagoma kukunjuka, nilijua Bunge limeanza.

Dodoma ya miaka ile ilikuwa na hali mbili. Siku nyingi ilisinzia, upepo ukipeperusha vumbi na mbuzi wakivuka barabara bila haraka. Likiingia Bunge, mji ulifumuka. Nyumba za wageni zilijaa, magari yenye viyoyozi yalipanga foleni, na dada yangu, mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, hakujua tena jua linazama upande gani. Hotuba ikitaipiwa asubuhi, mchana bosi amekata nusu. Ikitaipiwa upya, jioni ameirudisha ile nusu aliyoikata. Dada hakugomba. Alisema, "Sawa, mzee," akaingiza karatasi nyingine. Hasira zake alizimalizia kwenye mashine, ndiyo maana, kwa maneno yake mwenyewe, nukta zake zilikuwa zinatoboa karatasi.

Nilikuja kukaa kwake nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisionekane kwa waliochaguliwa. Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, hivyo dada ndiye alikuwa mama pia. Nilimsaidia kulea wanawe wawili, mkubwa aliyekuwa ameanza shule na mdogo aliyeachishwa ziwa karibuni. Sikuwa na huzuni. Mimi ni mtu wa kuota mchana, na anayeota mchana hakosi shughuli. Niliota nami nitakuwa mpiga chapa, nimevaa viatu vinavyogonga sakafu, ko, ko, ko, na watu wakiambiana wanipishe njia. Dada hakunicheka. Alichana ubavu wa boksi la sabuni, akanichorea vitufe vyote vya taipureta kwa rula na kalamu, kila herufi mahali pake.

"Jifunze bila kuangalia," aliniambia. "Ukiangalia vidole, akili inalala."

Basi maharage yakichemka, mimi nimekaa kwenye kigoda, boksi mapajani, naandika barua za ofisi ambayo haijajengwa.

Shemeji, mume wa dada, alikuwa karani wa stoo katika shirika moja la umma. Mashirika yalipoanza kuuzwa na watu kupunguzwa, naye alipunguzwa. Sikumwona akilia. Nilimwona akikunja suruali yake ya ofisini vizuri sana, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na kesho yake akaenda Kizota, ambako si mbali na tulipopanga, kujifunza kuchomelea mageti kwenye karakana ya rafiki yake. Kazi ilikuwepo umeme ukiwepo. Siku za mgawo, na zilikuwa nyingi, alirudi nyumbani saa nne asubuhi, akanawa mikono, akauliza, "Shemeji, leo tunapika nini?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa anachekecha unga, anakatakata vitunguu vyembamba kuliko mimi, na ugali wake ulikuwa unageuka sahanini mzima, haujanata hata kidogo kwenye sufuria. Hakuna aliyemwamuru. Dada mwanzoni alijaribu kumnyang'anya mwiko, kwa aibu.

"Mama watoto, kaa," alimwambia. "Wewe umesonga maneno ya wakubwa kutwa nzima. Niachie mimi usongaji huu mdogo."

Tuliishi hivyo, na kwa kweli tuliishi vizuri, mpaka siku muuza mkaa alipoingia uani bila kubisha hodi na kumkuta shemeji ana chekeche mkononi, kanga ya dada kiunoni, unga hadi viwikoni. Muuza mkaa alikuwa mtu wa kijiji cha Zuzu. Na Zuzu ndiko kwao shemeji, ndiko alikokuwa anaishi mama yake. Mkaa ule, nadhani, hata haujapoa habari zilikuwa zimefika: kijana wetu amelishwa limbwata. Mke wa mjini amemtia dawa kwenye chakula, sasa hana nguvu za kiume, anavaa kanga na kupika.

Tulicheka. Shemeji ndiye aliyecheka zaidi. Lakini kicheko kilikatika wiki ileile dada aliporudi na habari nyingine.

Alikuwa hajavua viatu. Alisimama katikati ya chumba akasema bosi amemwita. Mwandishi mahsusi wa mkurugenzi alikuwa anakaribia kustaafu, na wamemfikiria yeye. Ila lazima kwanza aende chuo cha uhazili Tabora kwa miezi kadhaa, na jibu linatakiwa kabla kikao cha Bunge hakijaisha.

Naomba nieleze, maana mtu anaweza kuona ni kazi ileile ya taipureta. Siyo. Mpiga chapa anakaa kwenye chumba cha wapiga chapa, mashine zinagonga kama mvua ya mawe, na anaitwa "wewe dada." Mwandishi mahsusi ana chumba chake cha mbele, simu yake, kalenda yake ukutani, na anaitwa "mama." Dada alikuwa akikitamani chumba kile tangu alipoajiriwa. Alijua hata pazia lake lingekuwa la rangi gani.

"Nenda," shemeji alisema palepale. "Watoto nitaangalia mimi."

"Najua utaangalia. Tatizo siyo watoto."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nikaitazama sufuria.

Tatizo lilikuwa mimi. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa, na nyumba yenyewe vyumba viwili. Mke akiwa Tabora, mume na mdogo wa mke wamebaki wenyewe ndani, mtaa gani ungenyamaza? Hata shemeji angelala msikitini kila siku, bado wangesema. Na mimi nikiondoka, watoto wangebaki na nani siku umeme ukirudi? Ilitakiwa awepo mama mtu mzima ndani ya nyumba. Na mama mtu mzima tuliyekuwa naye duniani alikuwa mmoja tu, yule wa Zuzu, ambaye tayari alikuwa ameambiwa dada yangu ni mchawi.

"Nitaenda kumwomba," shemeji akasema.

"Ukienda wewe, watasema limbwata ndilo limekutuma."

Hatukuwahi kwenda. Alikuja mwenyewe.

Alishuka kutoka kwenye lori la mkaa, mwanamke mrefu, mwembamba, mweusi wa kung'aa, na mfuko wa unga kichwani ambao hakuushika hata alipoinama kupita mlangoni. Dada alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kazini. Akapiga magoti palepale na sketi yake ya ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Kazi yako inakula nini, inakula watu?"

"Ni Bunge, mama."

"Bunge," alirudia bibi, kama mtu anayeonja neno asilolipenda. Nitamwita bibi, maana ndivyo watoto walivyomwita, na mimi nikawafuata. Alimtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi miguuni, akamgeuza mgongo, akamgeuza tena. Nadhani alikuwa anatafuta dalili za limbwata. Hakuona kitu, akaketi.

Kwenye mfuko mlikuwa na unga wa uwele, na juu yake kibuyu chenye mlenda mkavu uliotwangwa. Alivisogeza mbele ya dada.

"Kesho mchana nataka kula kwa mkono wa mkwe wangu. Sembe yenu hii nyeupe haina hata harufu."

Sasa, sisi tumezaliwa mjini. Babu zetu wa zamani walifika na misafara ya biashara wakaganda hapahapa, na kwetu chakula ni wali, chapati, na ugali wa sembe ukikosa vyote. Ugali wa uwele tulikuwa tunaujua kwa macho. Unga wake ni mkaidi. Ukiukosea maji kidogo unakuwa tope, ukiukosea moto unakuwa mabonge ambayo nje yameiva na ndani ni vumbi. Na mlenda, kwa asiyeuzoea, ni kama kujaribu kufunga kamba kwa maji. Dada aliniangalia, nami nikamwangalia shemeji, na shemeji akakuna kidevu. Mpango ulishapangika: atapika yeye.

Kesho yake umeme ulikuwa umekatika, Mungu mwenyewe alikuwa upande wetu. Nikamwambia bibi twende Majengo sokoni nikamwonyeshe vitambaa vya mitumba, nikambeba mtoto mdogo, tukaondoka taratibu. Nilimwonyesha kila kitu. Nilimwonyesha hata vitu nisivyovijua. Nyumbani shemeji alikuwa anasonga. Saa saba dada alitoroka ofisini, akaja nusu anakimbia, akajifunga kanga juu ya gauni, akajipaka unga kidogo mikononi na kwenye shavu. Hilo la shavu lilikuwa wazo langu.

Tulipoingia, chakula kilikuwa tayari mkekani. Ugali wa kijivu, mviringo, laini kama jiwe la mtoni, na juu yake katikati kishimo kidogo. Mlenda unang'aa bakulini. Dada akamnawisha bibi mikono kwa adabu zote.

Bibi hakula mara moja. Aliukazia macho ule ugali kwanza.

"Nani kapika?"

"Mimi, mama," dada akasema.

Bibi akamega tonge, akachovya, akauvuta mlenda juu ukakatika vizuri, akameza. Akamega tena. Akaendelea hivyo mpaka sahani ikabaki tupu.

"Basi Zuzu wamenidanganya," alisema akijifuta mdomo. "Waliniambia mkwe wangu hajui jiko. Jumamosi nitawaleta mashangazi, wakuone ukipika kwa macho yao."

Mashangazi, yaani dada za marehemu baba yake shemeji, ndio waliokuwa mahakama ya ukoo. Wakisema ndiyo, ni ndiyo. Wakisema limbwata, ni limbwata mpaka kaburini. Bibi alirudi Zuzu jioni ileile kuwaita, akatuacha tumekaa kama watu walioshinda bahati nasibu ya nyoka.

Siku zile za katikati ndizo ninazozikumbuka kwa upendo kuliko zote, ingawa dada hakuwa anacheka. Alirudi kutoka ofisini vidole vimevimba, akala kwa haraka, kisha akaketi mbele ya jiko kufundishwa. Shemeji alichuchumaa nyuma yake.

"Tengeneza uji kwanza. Mwepesi. Sasa nyunyiza, usimwage. Nyunyiza kama unamwagilia mche."

"Nanyunyiza."

"Unamwaga, mama watoto."

"Huu unga una kiburi," dada akasema. Mabonge yalikuwa yanaelea kama vichwa vya viboko. "Ofisini nikikosea kuna dawa ya kufutia. Hapa ya kufutia iko wapi?"

"Hapa tunakula makosa," shemeji akajibu, na kweli tuliyala. Mtoto mkubwa alikuwa anayatoboa mabonge na kupuliza unga uliomo ndani.

Ijumaa alirudi amechoka kuliko siku zote. Bosi alikuwa amekata hotuba nzima, siyo nusu. Alishika mwiko, akasonga kidogo, akasimama, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti, yakidondokea mkononi.

"Niwaambie tu ukweli kesho," shemeji akasema polepole. "Mimi ndiye napika. Kuna dhambi gani?"

"Kwako hakuna dhambi. Ukiwaambia, wewe utaitwa mgonjwa. Mimi ndiye nitaitwa mchawi. Mgonjwa anaombewa dua. Mchawi nani atakubali kumlelea watoto, ili yeye aende Tabora?"

Shemeji aliuchukua mwiko mkononi mwa dada, akamalizia kusonga, na mimi nilikwenda kuvikanda vile vidole hata kabla hajavinyoosha. Nilitamani ningekuwa na umri wa shangazi, walau kwa wiki moja, nipige meza niseme huyu mtu aende zake chuoni.

Jumamosi wakaja. Mashangazi watatu na bibi, kanga mpya, salamu ndefu za Kigogo, mbukwenyi kwa mbukwenyi, mpaka majirani wakachungulia. Dada alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake, akiahidi kumfanyia Jumapili. Mkeka ulitandikwa uani, kando ya jiko, na wazee wakaketi kwa kuzunguka kama watu waliokuja kwenye ngoma. Shangazi mkubwa, mnene, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikaa karibu kuliko wote.

"Tumesikia mwiko wa nyumba hii una nguvu," akaanza. "Unawageuza waume."

"Shangazi, ni mwiko wa mwembe tu," dada akajibu bila kuinua macho.

"Mwembe wa shamba la nani? Na sisi tukakate."

Wenzake wakacheka. Shemeji alikuwa mlangoni, amefungua redio yake kwa bisibisi, anaichokoa ndani. Redio ile ilikuwa nzima. Bibi alikaa upande wa moto, hacheki, anapepea makaa.

Maji yalichemka. Dada akatia uji, ukakubali. Akaanza kunyunyiza. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mtoto mbavuni, nikinyunyiza naye kimoyomoyo. Mara shangazi akasema, "Eh, mbona unanyunyiza kwa ncha za vidole? Ofisini unashika kalamu hivyo?" na mkono wa dada ukaachia. Unga ukaingia wote kwa pamoja, pu. Akaanza kuusukuma haraka, na kadiri alivyosukuma ndivyo mabonge yalivyozidi kuchipuka. Shavu lake lilikuwa limelowa jasho, safari hii bila msaada wangu.

"Punguza moto," sauti ikatoka mlangoni. "Halafu uubane ukutani mwa sufuria, usiuzungushe."

Shemeji aliweka redio chini. Alitembea hadi kwenye ndoo, akanawa mikono kwa utulivu kama daktari, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa kando ya mkewe.

"Nipishe kidogo, mama watoto. Utaungua."

Dada akampisha. Nadhani hakuwa na nguvu nyingine.

"Ndilo hili," shangazi akasema, akiwageukia wenzake na viganja wazi. "Mlitaka ushahidi gani tena? Limbwata mchana kweupe, mbele ya wazazi wake."

Shemeji alibana mabonge moja moja hadi yakavunjika, akaongeza maji, akaongeza unga kiasi cha kiganja, akasonga kwa mikono miwili, mgongo wote ukifanya kazi, na ule uji wa aibu ukaanza kukusanyika, ukashikana, ukawa ugali. Wakati huo nikatupa macho upande wa bibi, nikausahau hata ugali. Kile alichokuwa anapepea nacho moto kilikuwa boksi langu. Taipureta yangu. Alikuwa ameikuta jikoni akaona ni kipepeo, na pembe yake moja ilikuwa inafuka moshi. Ningefanya nini? Huwezi kumnyang'anya mama mkwe wa dada yako kitu mkononi mbele ya mashangazi. Nikaitazama elimu yangu ikiungua.

Shemeji aliupakua ugali, akaupigapiga kwa kata iliyoloa maji hadi ukawa mviringo. Halafu, bila kufikiri, kama mtu anayefunga kifungo cha mwisho cha shati, akabonyeza kidole gumba juu yake katikati.

"Haya, simameni mlione hilo," bibi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kutoa sauti tangu maji yachemke. "Hilo gumba. Mnalijua?"

Shangazi akainama. "Ni gumba. Kwani nini?"

"Ni langu. Wanangu walipokuwa wadogo walikuwa wanadokoa ugali kabla baba yao hajarudi kutoka kwenye kazi ya reli. Nikawa nauwekea alama juu. Alama ikiharibika, najua umeguswa. Mimi sikuzaa binti, mnajua. Nilipojifungua mdogo wake huyu, nani alinisongea ugali siku zote nilizolala ndani? Nyie mlikuwa mnapalilia mashamba yenu. Alinisongea huyu hapa, anapanda juu ya kinu ili afikie sufuria, na gumba analiweka kama nilivyomfundisha. Juzi nilipoletewa chakula nikaliona, kubwa, la mwanamume. Mkwe wangu ana vidole vyembamba. Nikajua nani kapika kabla sijamega."

"Ulijua," shangazi akasema, "ukatutoa Zuzu na jua lote hili?"

"Limbwata mlilisema nyie. Nimewaleta mlione linavyopikwa. Na yeye nilitaka nimwone kama atapika mbele ya watu, au ni fundi wa kujificha tu."

Shemeji alikuwa bado amechuchumaa, anakwangua mwiko. "Basi kama nimelishwa limbwata, shangazi," akasema, "nililishwa na mama yangu mzazi, kwenye uji. Mke wangu kanikuta nalo."

Mmoja wa wale mashangazi wengine ndiye aliyeanza, alicheka mpaka akaegemea bega la mwenzake. Shangazi mkubwa alijizuia kadiri alivyoweza, tumbo likamsaliti.

Dada hakucheka. Alipiga magoti mbele ya bibi, mikono ina unga, safari hii wa kweli.

"Mama, nilikudanganya."

"Ulinidanganya ugali. Kuna lingine?"

Na dada akamwambia. Tabora, chuo, miezi, watoto, mimi. Alisema haraka, kama anayeogopa karatasi itaisha kabla ya maneno. Alipofika kwenye mtoto aliyeachishwa ziwa juzijuzi, shangazi mkubwa akaguna, "Mtoto mdogo hivi?" Bibi akainua kiganja, guno likakatika.

"Ukirudi huko," bibi akauliza, "utakaa wapi ofisini?"

"Chumba cha mbele, mama. Kabla ya mkurugenzi. Kila anayetaka kumwona anapitia kwangu kwanza."

"Mbunge je?"

"Naye anapitia kwangu."

"Na mimi nikija?"

Dada akafikiri. Mpaka leo nampenda kwa jibu lile, maana angeweza kusema uongo mtamu. "Na wewe, mama, utaketi kwanza. Ila nitakuletea chai."

Bibi akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepimiwa nguo ikamtosha. "Nenda kasome. Nitakaa na watoto, na huyu binti nitakuwa naye. Kuna siku za kulima nitaondoka, shangazi yao atakuja kunipokea."

"Shangazi yupi?" akauliza shangazi mkubwa.

"Aliyecheka mwisho. Na mlenda nitapika mwenyewe. Huyu mwanangu anazidisha magadi."

Tulikula wote pale uani. Shangazi mkubwa aliomba aongezewe.

Dada aliondoka na treni ya kwenda Tabora Bunge lilipomalizika. Shemeji alimbebea sanduku hadi ndani ya behewa, akashuka, akapanda tena kumweleza jambo alilokwisha kumweleza, akashuka. Mtoto mdogo alilia, kisha akaona toroli la mahindi ya kuchoma akasahau. Bibi aliitazama treni mpaka ikapotea kuelekea kwao Zuzu, akasema, "Haya, twendeni, kuna watu wanataka kula."

Kuhusu boksi, nilijipa moyo nikamwambia siku ya pili.

"Bibi, kile unachopepea moto siyo kipepeo. Ni mashine yangu ya kujifunzia."

Aliligeuza mbele na nyuma. Pembe ya juu kulia ilikuwa imekwisha, pamoja na herufi P. "Mashine isiyo na chuma," akasema. "Na wewe unataka chumba cha mbele?"

"Nikijaliwa."

Kuanzia siku hiyo, kila nilipoketi kwenye kigoda na boksi mapajani, alikuja akanichukulia chekeche mkononi, akaketi mwenyewe kuchekecha. Na shemeji akirudi mapema siku ya mgawo wa umeme akaanza kuniita jikoni, bibi alimjibu kabla yangu: "Mwache, yuko kazini."

Sasa nataipu kwenye duka moja la steshenari hapa mjini, na mashine yenyewe ni ya chuma. Chumba cha mbele bado, kwangu ni meza ya dirishani, ila watu wanapita kwangu kwanza hata kama ni kwa ajili ya barua za kuomba kazi. Dada ana pazia lake, la kijani. Jioni tunafika mlangoni karibu pamoja, tunaviegemeza viatu ukutani, na shemeji anatoka jikoni na chupa ya mafuta ya nazi akiuliza aanze na nani. Mimi humpa kwanza kidole changu kidogo cha mkono wa kulia. Hicho ndicho kinachochoka zaidi. Nilijifunza kila herufi bila kuangalia isipokuwa ile moja, na kila nikifika kwenye P kidole husimama kidogo hewani, kikitafuta mahali palipoungua.